Naomba ushauri: mtoto mmoja, malezi mawili

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nimekulia mtaa wa Kibokoni, ambako ukifanya kosa, jirani yeyote alikurudi, na nyumbani ukaongezewa. Mke wangu kakulia Uswidi. Kule kumpiga mtoto kumekatazwa kisheria tangu 1979.

Juzi mwanetu wa miaka 9 alichukua shilingi 200 za bibi yake, akakana. Nilishainua bakora. Mke wangu akanizuia, akakaa naye barazani mpaka mtoto akalia, akasema kweli. Mimi utotoni nilificha makosa kwa kuogopa fimbo, na hadi leo nikibanwa kazini uongo ndio hunitoka kwanza. Hilo linanitisha. Lakini heshima kwa wakubwa nayo niliipata mtaani kule kule.

Mliolea hivi, mlikubaliana vipi? Na mamangu, anayesema tunamdekeza, nimweleze vipi nisimvunjie heshima?