Tupeane uzoefu: draya inazunguka, moto upo, nguo zinatoka mbichi

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Minneapolis, Marekani, nyumba ya kupanga, draya (mashine ya kukaushia nguo) ya umeme yenye bomba la kutoa hewa nje. Tangu Novemba jinzi zinazunguka dakika 70 na kiunoni bado mbichi. Chujio la pamba, yaani zile nyuzi zinazotoka kwenye nguo, nasafisha kila mzigo, haki ya Mungu. Mwenye nyumba kaleta fundi, kaingiza mkono, kasema "moto upo", kaondoka. Na kweli upo, ndiyo maana sielewi. Kuanika nje msiniambie, kwa baridi ya huku shati linaganda kama ubao. Waliopitia hili, lilikuwa nini na mligunduaje? Naomba visa vyenu, sio "nunua mpya".

Mama Pacha:
Moto kuwepo si hoja, mdogo wangu. Ule mvuke usipopata pa kutokea, nguo zinachemka tu humo ndani kama wali uliofunikwa. Mimi niliisukuma mashine mpaka ukutani ili mlango wa stoo ufunge, kumbe nyuma nimelibana lile bomba laini la karatasi ya fedha, limelala bapa kama chapati. Miezi minne nalipa umeme wa bure! Siku nimelichomoa, pamba iliyotoka ilijaza mfuko wa rambo. Nikaweka bomba gumu la bati la inchi 4, taulo sasa hazizidi dakika 45. Na sio nguo tu: Idara ya Zimamoto ya Marekani, kwa takwimu zake za 2008 hadi 2010, ilihesabu moto wa draya majumbani kama 2,900 kwa mwaka, na kutosafisha ndiko kuliongoza.

Ukitaka kujaribu, chomoa bomba uiwashe dakika chache uone kama inapumua vizuri. Hiyo ni kwa draya ya umeme tu. Ya gesi usithubutu, moshi wake una sumu.

Mzee wa Breka:
Kisa changu ni tofauti kidogo, ni kwa wale ambao pipa linazunguka lakini hewa ni baridi. Draya za umeme za Marekani zinatumia volti 240, yaani nyaya mbili zenye umeme. Mota inatosheka na mmoja, koili ya kupasha hewa inataka zote mbili. Upande mmoja wa breka (ile swichi inayokata umeme kwenye boksi la nyumba) ukikatika, mashine inanguruma kama kawaida na nguo zinazunguka bure. Nilikuwa nimeshamlipa fundi dola 90 za kuja tu kuangalia, akaizima breka mpaka mwisho, akaiwasha tena, akaaga. Dola 90 kwa kubonyeza!

Dada wa Leicester:
Huku Uingereza wengi wetu hatuna hata hilo bomba, maji yanakusanyika kwenye tangi. Nilikuwa namwaga tangi kila siku nikijiona hodari. Hakuna aliyeniambia kwamba chini kuna kikondensa, kile kinachogeuza mvuke kuwa maji, cha kuchomoa na kuosha bombani. Nilipokitoa kilikuwa kimevaa sweta. Halafu mume wangu alikuwa ameiweka gereji, na gereji ya Januari ni friji, mashine za aina hii kwenye baridi kali hazifanyi kazi vizuri. Ikarudi jikoni. Tuligombana, lakini ikarudi.

Mie wa Paje:
Waalaykum. Hapa tuna nyumba ya wageni, mashuka kila siku. Masika ilipoingia draya ikagoma kukausha, nikamlaani aliyeniuzia. Kumbe bomba limetoka kwenye mashine likaishia papo hapo stoo, mlango tumefunga! Yaani inatoa unyevu, kisha inauvuta ule ule. Fundi wa madirisha ndiye aliyetutobolea ukuta. Jengine, tukapandisha ukamuaji wa mashine ya kufulia kutoka mizunguko 800 kwa dakika hadi 1,200, shuka likawa linaingia halichuruziki.

Bint Muscat:
Programu ya kujizima yenyewe ndiyo ilinichosha, inasema tayari na nguo ni rojorojo. Ndani, karibu na chujio, kuna vibati viwili vinavyopima unyevu. Vile vikaratasi vya manukato vinavyotiwa na nguo kwenye draya vilikuwa vimevipaka utando. Nilivifuta kwa siki na kitambaa, kwisha. Na usichanganye shuka lenye mpira pembeni na nguo ndogo, linazimeza zote linakuwa kama sambusa.

Mleta mada:
Nimerudi, na aibu zangu. Jana nimevaa buti nikatoka nje mashine ikiwa inazunguka. Tundu la bomba liko usawa wa goti, na siku zote ninapofagia njia, theluji naitupa ukuta huo huo. Imeganda, kifuniko hakiinuki hata kidogo. Yaani koleo ni langu mwenyewe, fundi wa watu nimemsema bure.

Nimevunja barafu, jinzi zimetoka kavu kwa dakika 55. Bado naona ni nyingi. Nimefuatilia bomba kwenye dari ya chini: kanuni za ujenzi nyingi za huku zinaruhusu bomba la urefu wa futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 inakula futi 5 za urefu huo. Nimehesabu kona nne. Nimemtumia mwenye nyumba picha, ameona, hajajibu.