Tuisheni inasaidia? Mtoto apimwe na nafsi yake au na mwenzake?

Mzazi, Kisauni: Jamani, mwalimu wa tuisheni katuonyesha karatasi. Watoto walifanya hesabu Januari, wakarudia Aprili, na wengi wamepanda. Sasa, asubuhi si walikuwa shule pia? Mimi nataka watoto wapangwe wawili wawili kwa alama za Januari, turushe sarafu, mmoja aingie tuisheni na mwenzake angoje.

Mwalimu wa tuisheni, Likoni: Dada yangu, kwa heshima, alama arubaini za mtoto anayevuka feri kila alfajiri si alama arubaini za yule anayeishi ukutani mwa shule. Pacha wa mtoto ni yeye mwenyewe. Mwaka 1908 Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia aliyeandika kwa jina la "Student", alichambua wagonjwa 10 waliojaribu dawa mbili za usingizi, kila mmoja zote mbili. Ya pili ilizidi ya kwanza kwa wastani wa saa 1.58 za usingizi. Hesabu kana kwamba ni watu 20 mbalimbali, t (kipimo cha tofauti ikilinganishwa na kuyumba kwa bahati tu) ni 1.86, haishawishi. Chukua tofauti ya kila mgonjwa, inaruka hadi 4.06!

Mzazi: Umejifunga mwenyewe, mwalimu. Dawa ya usingizi huisha mwilini, ukampa mtu nyingine. Mtoto akishajua hesabu za sehemu, utamsahaulisha vipi umpime bila tuisheni? Tena mliwachukua walioanguka Januari. Mwenye homa siku ya mtihani atapanda tu mara ya pili, hata asipoguswa.

Mwanafunzi wa takwimu, Tudor: Hesabu ni moja kwa nyote wawili: toa, kisha tafuta wastani wa tofauti. Ugomvi ni tofauti hiyo imeletwa na nini, na hapo niko na mzazi. Ila bibi, jozi zina gharama. Watoto 40 katika jozi 20 wanakuachia digrii huru (taarifa huru za kupimia kuyumba kwa bahati) 19 badala ya 38, kwa hiyo ukioanisha kwa kitu kisichohusiana na alama (rangi ya sare, tuseme) umepata hasara bure. Na sarafu utamrushia nani, ilhali wazazi wameshalipa?

Mwalimu: Aliyelipa simtoi. Lakini Mei nafasi huwa chache kuliko watoto. Walio kwenye foleni ndio tuwaoanishe, wa kungoja waingie muhula wa tatu. Sarafu alete mzazi.

Mzazi: Wangu naye yumo kwenye hiyo foleni, mwalimu. Lo.