Aliyebatizwa mchanga, je, abatizwe tena ukubwani?

Ndugu wachangiaji, hapa Bagamoyo swali hili limeingia hadi ndani ya familia: Mkristo aliyebatizwa angali mchanga, kisha akaokoka ukubwani katika kanisa la Kipentekoste, je, abatizwe upya baharini kwa maji mengi? Wanaosema abatizwe wana hoja isiyofaa kubezwa. Wanakumbusha kwamba Marko 16:16 inataja kuamini kabla ya kubatizwa, na kwamba towashi Mwethiopia wa Matendo 8 aliomba maji baada ya kuhubiriwa habari za Yesu. Mtoto mchanga, wanasema, hajatubu wala hajaamini.

Mimi ni Mkatoliki, na ninaupinga ubatizo huo wa pili. Waefeso 2:8 inafundisha kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba jambo hilo halikutokana na sisi bali ni kipawa cha Mungu. Warumi 6 nayo inasema kwamba tuliobatizwa tumezikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima. Na anayezikwa hajiziki mwenyewe. Tukisema kwamba ubatizo haukuwa ubatizo kwa sababu mbatizwa hakuelewa, tunautwika uelewa wa mwanadamu mzigo ambao ni wa Mungu, na sioni kitakachomzuia mtu huyo kuomba ubatizo wa tatu siku atakapoona kwamba hata ule wa pili aliuelewa nusu.

Historia ya mji wetu inanipa mfano, ingawa ni mfano wenye uchungu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, walileta watoto waliokombolewa utumwani, baadhi yao wakiwa wamenunuliwa katika soko la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873. Mtoto wa namna hiyo hakujua nani amelipa wala kwa nini, lakini ukombozi wake ulikuwa wa kweli kabla hajauelewa. Najua nitajibiwa kwamba watoto hao hao walibatizwa bila kuwa na wazazi wa kuwasemea, wakila na kulala kwa hisani ya waliowabatiza. Pingamizi hilo ni la haki, nami sina nia ya kulizima. Linawahukumu wakubwa kwa namna walivyotumia mamlaka yao. Halithibitishi kwamba neema ya Mungu husubiri kwanza tuifahamu.

Lawama kubwa naielekeza kwetu tunaobatiza watoto. Wazazi na msimamizi husimama mbele ya padre, hujibu kwamba wanamkataa Shetani, mshumaa wa mtoto huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, naye huvikwa vazi jeupe. Kisha baada ya picha na pilau, wako wasimamizi wasiomtafuta tena mtoto huyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe. Tunaisoma kanuni hii kwa wepesi mno. Kijana anayetoka majini pale ufukweni akilia kwa furaha, mara nyingi analia kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza alichopewa tangu utotoni, na machozi yake nayaheshimu.

Basi naomba wanaotetea ubatizo wa pili wanijibu hili. Katika sura ile ile ya towashi, Simoni mchawi aliamini na kubatizwa, kisha akataka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro akamwambia kwamba moyo wake haukuwa mnyofu mbele za Mungu. Alimwagiza atubu na kuomba. Hakumwagiza abatizwe tena. Ikiwa toba ndiyo aliyoagizwa mtu aliyebatizwa akiwa na moyo wa namna hiyo, kwa nini isimtoshe aliyebatizwa akiwa mchanga?