Mrejesho: git push iliyokuwa inakataliwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini push yangu (kutuma kazi kwenye seva kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi) inagoma na kuandika "non-fast-forward", yaani seva ina kazi ambayo mimi sina. Aliyesema mwenzangu kanitangulia kusukuma kazi yake alipatia: nilipiga `git pull --rebase` (kuvuta kazi yake na kupanga yangu juu yake), nikasuluhisha mgongano kwenye faili moja, kosa likaisha. Ile ya kutumia `--force` (kusukuma kwa lazima) sikuithubutu, ningefuta kazi ya mtu.

Ila ikakataliwa tena! Safari hii ni faili bekapu.sql (nakala ya hifadhidata), MB 130, na seva yetu inapokea faili la mwisho MB 100. Kuifuta na kukomiti (kuandika badiliko kwenye historia ya Git) hakukusaidia, historia bado ilikuwa imeibeba. Kilichofanya kazi ni `git reset --soft origin/main` (kurudisha historia yangu ilipo ya seva bila kugusa mafaili), kisha komiti moja mpya. Ikapita. Hasara: komiti zangu sita zimegeuka moja. Asanteni sana.