"Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usowe": nani yamemkuta? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Bibi
Wadau, jana nimelia. Kaka zangu wawili walikuwa hawasemeshani tangu mwaka juzi, nami kitinda mimba nikajitwika kazi ya kuwapatanisha. Nikawa nampelekea huyu maneno mazuri ya yule, mengine nimeyatunga mwenyewe ili mioyo ilainike. Jana wakapigiana simu. Kila mmoja alikuwa anasubiri kusikia tena ile radhi ambayo mwenzake "ameomba", na hakuna aliyeomba. Wote wawili wamenigeukia mimi.

Bibi hakunikemea. Alisema tu, "Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usowe." Usowe najua ni uso wake. Ninachotaka kujua: alikuwa ananionya, au ananipa pole? Na ninyi, lini mlipiga mbizi pasipo na maji?

Dereva wa Usiku
Gari lilizama kwenye tope, nikakanyaga mafuta. Halitoki, nakanyaga zaidi. Tairi linachimba tu, mpaka tumbo la gari likalala chini kabisa. Mzee mmoja mpita njia akaniambia, "Mwanangu, zima kwanza." Tukachimbua mbele ya tairi, tukatandika matawi, tukapunguza upepo kidogo, likatoka taratibu. Saa nzima nilikuwa najizika mwenyewe.

Kimya Kingi
Nami mmea wangu niliumwagilia hadi ukafa. Majani yalinyauka nikadhani ni kiu, kumbe mizizi inaoza.

Mwalimu Mstaafu
Mjukuu, wengi huichanganya methali hii na "mchimba kisima huingia mwenyewe". Ya kisima ni ya mwenye hila, anamtegea mwenzake anatumbukia yeye. Huyu wa mbizi hana ubaya na mtu. Pengine hata ni mpiga mbizi hodari. Kosa lake ni mahali: ustadi wa majini kaupeleka kwenye ardhi. Bibi hakusema una roho mbaya.

Sauti ya Nyika
Mwalimu, kwa heshima zote, sikubali. Aliyetunga maneno amedanganya. Hicho ni kisima.

Mwalimu Mstaafu
Kisima huchimbiwa adui. Yeye alimchimbia nani?

Sauti ya Nyika
Uongo ni uongo, Mwalimu.

Mama wa Mapacha
Naomba niwakatize. Nimesoma hilo neno "usowe" mikono ikatetemeka, kwa sababu mimi uso ulichunuka kweli.

Nilikuwa nakaanga. Mafuta yako jikoni, simu ikaita, nikatoka kuipokea. Niliporudi kikaango kinawaka. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ungefunikwa kwa kifuniko kilichokuwa pale pale mezani. Lakini niliwaona wanangu wamesimama mlangoni, akili ikaniambia neno moja: maji. Nikashika ndoo nikamwaga yote.

Sijui niwaelezeeje mlio ule. Moto uliruka mpaka dari kama kitu kilichokuwa kimefungiwa. Mafuta yanayowaka yalinirukia mkono wa kulia na shavu, nyusi zikateketea. Niliwasukuma watoto nje kwa mgongo. Jirani ndiye aliyezima jiko na kufunika kikaango, moto ukafa wenyewe.

Baadaye nikaelezwa: maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini yake, na kwa joto lile hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huchukua nafasi kubwa kuliko maji yale mara 1,700 hivi, ndio unaoyarusha mafuta juu. Nilikuwa nawaokoa wanangu, na ndoo yangu ndiyo nusura iwaue. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, si kovu.

Kaa la Moto
Msiba wa kujitakia hauna kilio. Mafuta hayaachwi jikoni.

Dereva wa Usiku
Kaa la Moto, umuombe radhi dada wa watu. Kujitakia ni kutaka. Yeye alitaka wanawe wapone.

Mama wa Mapacha
Mwacheni. Kuhusu mafuta ana haki.

Shangazi Mkubwa
Pole sana mwanangu. Siku nyingine ukiungua paka dawa ya meno upesi, inapoza.

Kimya Kingi
Kwetu ni ute wa yai.

Zamu ya Usiku
Jamani, hapana! Shangazi, samahani nakusahihisha, lakini mimi ni muuguzi na kazi ya kubandua dawa ya meno kwenye ngozi iliyoungua naijua. Mgonjwa hulia mara mbili. Ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Si barafu, si yai, si mafuta. Halafu hospitali, hasa ikiwa ni usoni.

Shangazi Mkubwa
Nimewalea wanane kwa dawa ya meno.

Zamu ya Usiku
Nakuheshimu, Shangazi. Maji, dakika 20.

Sauti ya Nyika
Hapo juu Mama anaambiwa maji yameunguza, hapa anaambiwa maji yanaponya. Tushike lipi?

Zamu ya Usiku
Kwenye ngozi, ndiyo. Kwenye mafuta yanayowaka, kamwe: zima jiko, funika, usikibebe kikaango.

Mwalimu Mstaafu
Maji ni yale yale, mahali ndipo pametofautiana. Mnaona sasa? Mwaka 1935, Queensland, Australia, waliletwa vyura wakubwa kutoka Hawaii ili wale wadudu wanaoharibu miwa. Wadudu wakubwa walikaa juu ya mimea, mabuu yao chini ya ardhi, na chura hafiki kote kuwili. Wadudu wakabaki. Vyura nao wana sumu, wakazaana mpaka mamilioni, na wanyama wa huko waliowala wakafa. Aliyewaleta alikuwa anawasaidia wakulima.

Mjukuu wa Bibi
Nimemsomea bibi kila kitu. Kuhusu methali hajanijibu. Ameuliza tu mkono wa Mama wa Mapacha unaendeleaje.

Mama wa Mapacha
Mwambie umepona, ila ngozi ya kiwiko bado inavuta nikikunja. Na kaka zako, wamenuniana tena?

Mjukuu wa Bibi
Hapana. Leo asubuhi wamepigiana simu, wameongea muda mrefu. Yangu bado hawajapokea.