Ukristo uliujulia wapi? Wana Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Bi Korosho (mtoa mada)
Za jioni wana kusini. Mimi mtoto wa Lindi mjini, madrasa nimesoma. Mume wangu Mmakua wa Masasi, Mwanglikana. Juzi binti yetu wa darasa la sita kaniuliza: "Mama, mbona babu anafukiza ubani kanisani, halafu jirani yetu mlokole anasema ubani ni wa waganga? Si wote Wakristo?" Nikaduwaa. Miaka 14 naishi nao, sijawahi kuuliza. Mliozaliwa humo na mlioukuta ukubwani, hebu simulieni. Ubishi wa dini ipi ya kweli pelekeni kwingine.

Mjukuu wa Mtandi
Babu ana asili yake, usimcheke. Masasi kanisa lilianza 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani. Hao walikuwa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, Waanglikana wa ubani, kengele na kuungama kwa padri. Nikakua nikijua Anglikana yote ndivyo ilivyo.

Mwaka 2009 nikaenda chuo Dodoma. Jumapili ya kwanza nikaulizia Anglikana, nikaingia, nikapiga goti, nikajichora msalaba. Mama mmoja akaninong'oneza: "Mwanangu, Wakatoliki wako kule mbele." Kumbe Dodoma waliletewa dini na CMS, misheni nyingine ya Waanglikana haohao wa Uingereza, ila wao mkazo ni mahubiri na Biblia, mapambo kidogo sana. Askofu mkuu mmoja, ibada kama za makanisa mawili! Nikampigia bibi kumshtakia. Akauliza jambo moja tu: "Chetezo wamekiweka wapi?"

Fundi Mikindani
Mie Mwislamu. 1998 nililazwa hospitali ya misheni ya Ndanda wiki tano, mguu. Kilichonishangaza ni kengele ya watawa. Alfajiri inalia, adhuhuri inalia, jioni, usiku. Nikamuuliza sista: nyie nanyi mna vipindi? Akasema Wabenedikto, shirika lao la watawa wa Kikatoliki, husali kwa saa zilizopangwa tangu kale, na Zaburi huziimba. Nikamwambia basi tunaelewana.

Mzee wa kitanda cha pili ndiye aliyenipa ya zamani: vita vya Majimaji 1905 misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, mwaka uliofuata wamisionari wakaanzisha Ndanda.

Chikundi77
Mimi niliujulia jandoni, msishangae. Kwetu lipo jando la kanisa. Wazee husema ni mpango wa Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi 1926: wamisionari wengine walitaka jando life, yeye akalibakiza, akatia sala na mafundisho. Padri alikuja kutubariki, tukaimba tenzi vizuri kabisa. Alipotokomea na baiskeli yake, nyimbo zenyewe zikaanza.

Mwalimu Mstaafu
Bi Korosho, mwambie binti ni mti mmoja wenye matawi. Wote wanamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu, aliyesulubiwa akafufuka, na hapo ndipo wanapoachana na sisi Waislamu. Mwaka 1054 Roma na Konstantinopoli zikatengana: huku Wakatoliki, kule Waorthodoksi. 1517 Martin Luther akaanza kupinga uuzaji wa rehema, Waprotestanti wakatoka huko. Walokole ni wajukuu wa tawi hilo. Anglikana iliachana na Papa enzi za Mfalme Henry VIII, na wa Masasi wakabaki na desturi nyingi za Kikatoliki.

Niliyoyaona kwa macho: bwenini kwetu wasichana wawili walipigiana kelele usiku, mmoja akimwita mwenzake mwongo kwa kutaja Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo kwenye Biblia ya Kikatoliki tu. Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya Mlutheri 66. Nikaziweka mezani zote mbili, wakahesabu wenyewe hadi taa ikazimwa.

Halafu sikiliza maneno: injili, kanisa, msalaba, askofu, yote tumeyapata kwa Waarabu. Padri ni ya Wareno.

Bi Korosho
Asanteni. Binti kasoma yote, kacheka jando, maswali yameongezeka. Babu naye nimemsomea kwa simu. Kasema chetezo cha kanisani kwao mnyororo umekatika tangu Pasaka. Fundi Mikindani, unachomelea shaba?

Fundi Mikindani
Alete. Ubani aje nao.