Toyota 86 Malindi: kipi ni tabia ya gari na kipi ni ubovu?

kasuarina86
Salaam wakuu. Gari ni Toyota 86 GT ya 2019, gia za mkono, limetoka Japani na sasa liko Malindi. Maswali ni haya. Likiwashwa asubuhi injini hunguruma kama dizeli kwa dakika moja hivi. Likishatulia kuna mlio wa nyenje chini ya boneti. Gia ya pili ni nzito kilomita za kwanza. Kati ya RPM 3,500 na 4,500 gari hulegea, kisha huchomoka. Klachi ikiachiwa kwenye nyutro kuna mlio mwembamba, na kanyagio likiguswa tu mlio unapotea. Fundi anataka abadilishe pampu ya petroli. Mimi nilikuwa nafikiria ekzosti na springi fupi. Nianzie wapi?

spana_kumi
Usibadilishe pampu. Injini hiyo, FA20, ina injekta za aina mbili: nne zinapuliza kwenye njia ya hewa na nne moja kwa moja ndani ya silinda. Zile za ndani zinalishwa na pampu ya shinikizo kubwa inayosukumwa na kamshafti, na mlio wa nyenje unatoka huko. 86 nyingi sana zinao na hauui injini. Ungurumaji wa asubuhi nao ni kompyuta inachelewesha cheche makusudi ili masega ya ekzosti (yanayosafisha moshi) yapate moto haraka. RPM ikishuka, kelele inaisha. Pampu iliyokufa kweli huja na dalili nyingine: gari kukata nguvu ukikanyaga sana, kuwaka kwa shida, taa ya injini.

Gia ya pili hapo ndipo ningeangalia zaidi. Wenye 86 wa nchi za baridi hulalamika kuhusu gia ya pili asubuhi kwa sababu oili ya giaboksi inakuwa nzito. Malindi hakuna baridi ya namna hiyo. Ugumu ukiisha baada ya kilomita tatu au nne, sawa. Ukiendelea injini ikiwa moto, au gia ikisaga, mwaga oili uitazame kwanza, halafu angalia kama klachi inaachia kikamilifu.

Kumwaga: gari liwe sawasawa kwenye jeki nne au lifti, si kuinuliwa mbele peke yake. Fungua plagi ya KUJAZIA kwanza. Ikikataa kufunguka na umeshamwaga oili, gari halitoki hapo. Inaingia kama lita 2.2 za 75W-90. Nunua ya giaboksi, GL-4, usichukue GL-5 ya difu kwa sababu namba zinafanana. Baadhi ya GL-5 ni telezi mno kwa pete za sinkro (zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) na gia inazidi kusaga. Jaza mpaka ianze kuchuruzika tundu la kujazia. Difu ndiyo inayotaka GL-5, 75W-85, lita moja na kidogo.

Mlio wa klachi unaopotea ukigusa kanyagio ni beringi ya klachi. Kuitoa ni kushusha giaboksi, kwa hiyo wengi huisubiri mpaka klachi yenyewe iishe, wakabadilisha vyote pamoja. Mlio ukigeuka kuwa mkwaruzo unaoongezeka ukikanyaga, usisubiri tena. Na mguu usikae juu ya kanyagio barabarani.

torki_kidogo
Ule ulegevu wa 3,500 haumo kwenye gari lako peke yake. Umo kwenye muundo: urefu wa mabomba ya kuingiza hewa na manifoldi ya ekzosti havipatani katika RPM hizo, na nguvu ya kuvuta inashuka kabla ya kupanda tena. Za 2016 kuja huku, za gia za mkono, Toyota ilibadilisha manifoldi ya hewa na kuweka difu ya uwiano wa 4.3 badala ya 4.1, ndiyo maana lako lina afadhali kuliko za 2012, lakini bonde hilo la nguvu bado lipo. Dawa ya bure ni kushuka gia moja ukitaka kupita lori. Injini hii hutoa nguvu yake yote kwenye 7,000, usiiogope.

Dawa ya pesa ni manifoldi nyingine ya ekzosti PAMOJA na kurekebisha kompyuta. Silensa ya nyuma peke yake inaleta kelele, nguvu hutaiona. Ukiweka manifoldi bila kugusa kompyuta bonde linapungua kidogo tu.

Kuna mtego hapa. Mgandamizo wa injini hii ni 12.5:1, na Japani inanyweshwa petroli yao ya daraja la juu. Super ya kawaida ya hapa ina oktani (uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati) ya chini kuliko hiyo. Petroli ikilipuka mapema injini inagonga, kompyuta inarudisha cheche nyuma na gari linakuwa zito, hasa mchana na AC imewashwa. Jaza ya oktani ya juu kila ukiipata. Na ukifika kwa mtu wa kurekebisha kompyuta, atengeneze ramani (mpangilio wa cheche na mafuta ndani ya kompyuta) ya petroli unayoijaza wewe. Ramani iliyopakuliwa mtandaoni kwa ajili ya oktani 98 au 100, ukiipeleka kwenye joto la Malindi, inaita kugonga. Mwambie akuonyeshe kwenye skrini thamani ya kujifunza cheche: 1.0 ni salama, ikishuka na kubaki chini kuna tatizo.

mwana_msabaha
Springi fupi achana nazo. Gari lina kama milimita 130 chini, na springi za kawaida za dukani hushusha 20 hadi 30. Matuta ya kuanzia Gede mpaka Matsangoni yatang'oa kava ya plastiki ya chini ya injini kabla hujafika Kilifi. Weka akiba ya klipu zake, ni za bei ndogo na hupotea.

Pesa ya kwanza iende kwenye tairi na breki. Rimu za GT ni inchi 17 na tairi ni 215/45R17. Kampuni iliziweka ngumu makusudi ili nyuma iteleze kwa raha, na kwenye mvua ya Mei raha hiyo inakuwa kitu kingine. 225/45R17 inaingia kwenye rimu hizo hizo na inainua gari milimita nne na nusu. Mafuta ya breki yabadilishe yote uweke DOT 4, kwa kuwa ya zamani yameshanyonya unyevu.

Sasa sikiliza vizuri. Gari linaitwa Toyota lakini chini ni Subaru. Bolti za magurudumu ni M12 × 1.25 (namba ya mwisho ni nafasi kati ya nyuzi), Toyota nyingine nyingi ni 1.5. Nati za Probox zinaanza kuingia vizuri halafu zinabana, fundi wa tairi anaongeza nguvu ya mashine, na uzi umekwisha. Kila nati ianze kwa vidole, kisha spana ya kipimo, Nm 120. Hesabu nati zako kabla ya kuondoka kwa fundi wa pancha. Angalia pia buti: nyingi hazina tairi la akiba, zina dawa ya kuziba tu.

mokowe_jetini
Kwa wanaoacha gari Mokowe wiki nzima wakavuka Lamu: usivute hendibreki, weka gia ya kwanza na kabari, la sivyo viatu vya hendibreki, vilivyo ndani ya diski za nyuma, vitashikana nazo kwa kutu ya upepo wa bahari. Kutu nyekundu juu ya diski ni kawaida, breki chache zinaifuta. Ukiosha chini ya gari, maji ya kisima mengi ya pwani yana chumvi, unaongeza tatizo. Tumia ya mfereji au ya mvua.

Betri nayo: milango haina fremu, kioo hushuka kidogo mlango ukifunguliwa. Betri ikifa hakishuki, kwa hiyo fungua taratibu usivunje raba. Ukiiunganisha tena, panda kioo mpaka juu na ushikilie swichi sekunde chache ili kijifunze upya.

kasuarina86
Shukran wote. Pampu nimemwambia aiache. Mchanga wa kando ya Casuarina unazamisha gurudumu la nyuma na gari linakataa kabisa kusukuma. Ni difu?

spana_kumi
Hapana, ni mfumo wa kuzuia mtelezo unakata nguvu. Gari likiwa limesimama, shikilia kitufe cha VSC OFF sekunde tatu mpaka taa ziwake, kisha ondoka kwa gia ya pili polepole. Ukikibonyeza mara moja tu, mwendo ukiongezeka mfumo unajirudisha. Ukifika lami, uwashe.